Nyumba Iliyobomolewa na Nyumba Iliyobomoka: Haki ya Malipo kwa Waathirika wa Maafa ya Asili

Mwananchi wa Tanzania ambaye nyumba yake imebomolewa na Serikali ili kupisha barabara ana haki iliyoandikwa katika Katiba, ilhali jirani yake ambaye nyumba yake imebomoka kwa tetemeko la ardhi, au imesombwa na tope, hana cha kushika mkononi ila matumaini kwamba atakumbukwa. Wote wawili wamekosa pa kulala, wote wana watoto wanaotakiwa shuleni kesho yake bila sare wala madaftari, na kama nyumba zao zilikuwa za matofali ya aina moja na mabati ya geji moja, hasara waliyopata inakaribia kulingana kwa kila kipimo cha mthamini. Kinachowatenganisha ni chanzo cha hasara, na swali linalochunguzwa katika mhadhara huu ni iwapo chanzo hicho kinatosha kumfanya mmoja awe mdai na mwingine awe mwombaji.

Kwa yule wa kwanza, ibara ya 24 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inakataza mtu kunyang'anywa mali yake bila idhini ya sheria inayoweka masharti ya fidia inayostahili, na Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inaongeza kuwa fidia hiyo iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Fidia, kwa maana hii ya kisheria, ni malipo yanayokusudiwa kumrudisha mtu katika hali aliyokuwa nayo kabla ya kuondolewa, na ndiyo maana kanuni za mwaka 2001 hazikuishia kwenye thamani ya ardhi na maendelezo yaliyomo, yaani majengo, miti na mazao, zikaongeza posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi, fidia ya faida iliyopotea, na hata riba pale malipo yanapocheleweshwa kupita miezi sita. Utekelezaji wa kanuni hizi umezua malalamiko mengi, na wapo waliopisha miradi wakasubiri kwa miaka; hata hivyo, wanaposubiri wanasubiri deni lao.

Kwa yule wa pili ipo Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya mwaka 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 2015, ambayo inapanga kamati za maafa kuanzia ngazi ya chini hadi taifa na kugawa majukumu ya kujiandaa, kuokoa, kugawa misaada na kurejesha hali. Kiini chake ni uratibu, na uratibu ni jambo la lazima, kwa kuwa watu wanaweza kufa katika siku za kwanza kwa sababu hakuna ajuaye nani anatakiwa kuleta maturubai na nani alete maji. Lakini kaya iliyopoteza nyumba, ikitaka kujua inastahili nini, kiasi gani na ndani ya siku ngapi, haipati jibu ambalo inaweza kwenda nalo kwa mkuu wa wilaya na kudai.

Hoja inayotetea tofauti hii ni nzito na inapaswa kupewa uzito wake. Fidia hulipwa na aliyesababisha, na tetemeko halina mtu wa kushitakiwa; Serikali inayobomoa nyumba imefanya tendo, ilhali Serikali inayokuta nyumba imeanguka imekuta tukio. Pia husemwa kwamba raia akijua kuwa hazina ya taifa itamlipia kila hasara, ataacha kujihadhari, atajenga bondeni na kusubiri alipwe mafuriko yatakapofika. Mwanafalsafa wa siasa Judith Shklar, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu sura za dhuluma, alijibu sehemu ya kwanza ya hoja hii kwa kuonyesha kwamba mpaka kati ya bahati mbaya na dhuluma hauchorwi na maumbile peke yake, kwa kuwa mara nyingi kile kinachoitwa bahati mbaya ni jambo ambalo wenye uwezo wangeweza kulizuia, au kulipunguza, au kulitibu haraka, nao hawakufanya hivyo. Mvua inayonyesha Dar es Salaam ni ya asili, lakini Mto Msimbazi uliojaa mchanga na takataka si wa asili, wala si za asili zile nyumba za bondeni ambazo kwa miaka mingi ziliunganishiwa umeme na maji na wenyewe wakatambuliwa na serikali za mitaa kama wakazi halali wa mtaa, mpaka siku maji yalipowazunguka ndipo wakaitwa wavamizi. Kuhusu sehemu ya pili ya hoja hiyo, mtu anayejenga bondeni kwa kawaida hakuchagua bonde kwa kutegemea malipo. Amechagua bonde kwa sababu ndiko kiwanja kinakopatikana kwa fedha aliyonayo, karibu na soko anakouza.

Sheria ya Tanzania yenyewe inaonyesha kwamba kati ya fidia na sadaka ipo njia ya tatu, nayo imetumika kwa watu wanaoishi kandokando ya hifadhi. Kanuni za mwaka 2011 chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ziliweka malipo ya kifuta jasho kwa mkulima ambaye mazao yake yameliwa au kukanyagwa na wanyama kama tembo, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kwa familia iliyofiwa, bila Serikali kukiri kwamba ilikosea na bila mkulima kutakiwa kuthibitisha uzembe wa mtu yeyote. Viwango vilivyowekwa vilikuwa duni, kwani familia ya aliyeuawa ilitengewa shilingi 1,000,000, na wabunge wa maeneo kama Bunda wamevilalamikia mara kwa mara. Hata hivyo kuna jambo kubwa lililofanyika pale: kiwango kiliandikwa kabla ya tembo kuingia shambani, kikawa kilekile kwa mtu wa Bunda na mtu wa Tunduru, na mwenye kudai akawa na karatasi ya kudai nayo. Tembo ni wa asili kama lilivyo tetemeko. Ikiwa taifa limeweza kuahidi kitu, hata kidogo, kwa anayevamiwa na mnyama, ni vigumu kueleza kwa nini haliwezi kuahidi lolote kwa anayeangukiwa na nyumba.

Madhara ya kukosa ahadi hiyo yanaonekana wazi yakilinganishwa maafa mawili yaliyotokea katika nchi hiyo moja, kwa kupishana miaka saba. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko lenye ukubwa wa 5.9 liliupiga mkoa wa Kagera, likaua watu wasiopungua 17, likajeruhi mamia na kuharibu maelfu ya nyumba ndani na nje ya mji wa Bukoba. Michango ilitoka kwa wananchi, makampuni, balozi na serikali za kigeni, na wengi waliochanga waliamini kwamba wanamsaidia mtu fulani kupaua tena nyumba yake. Rais John Magufuli, alipozuru mkoa huo Januari 2017, aliwaeleza wananchi kwamba Serikali haitamjengea kila mtu nyumba, na kwamba kipaumbele ni miundombinu ya umma. Fedha nyingi zikaelekezwa kwenye taasisi kama shule za sekondari za Ihungo na Nyakato na kituo cha afya cha Ishozi. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang yenye miamba dhaifu iliyokuwa imelowa maji iliporomoka, na tope likashuka pamoja na magogo na mawe hadi katika mji mdogo wa Katesh na vijiji vya jirani, likaua watu zaidi ya 80. Safari hii Serikali, ikishirikiana na wadau akiwamo Msalaba Mwekundu, ilijenga zaidi ya nyumba 100 katika eneo la Waret na kuzikabidhi kwa waathirika mwishoni mwa mwaka 2024.

Kila uamuzi kati ya maamuzi hayo mawili unaweza kutetewa ukisimama peke yake. Shule inayojengwa upya inamhudumia mtoto wa mwenye nyumba na wa mpangaji bila kuuliza hati, na madarasa yakiachwa magofu kizazi kizima kinalipia. Kwa upande mwingine, hakuna asiyefurahi kuona familia iliyofukuliwa kwenye tope ikikabidhiwa funguo. Tatizo linakuja pale maamuzi hayo yanapowekwa pamoja. Mjane wa Bukoba na mjane wa Katesh ni raia wa Katiba moja, wamelipa kodi moja, na hakuna sheria iliyobadilika kati yao kwa namna inayoeleza kwa nini mmoja ajengewe nyumba na mwingine aambiwe ajijengee. Kilichobadilika ni utashi wa uongozi, na zaidi ya hapo ni idadi: maelfu ya nyumba zilianguka Kagera, na kuzijenga zote kungeigharimu hazina mara nyingi zaidi ya kile kilichohitajika Hanang. Hapo ndipo utaratibu wa hisani unapofichua kasoro yake kubwa, ambayo haizungumzwi vya kutosha, kwamba kadiri janga linavyowagusa wengi ndivyo kila aliyeguswa anavyopata kidogo, ingawa ni katika janga la namna hiyo ndipo majirani na ndugu, ambao siku zote ndio wa kwanza kumpokea mtu, wanapokuwa nao hawana kitu. Aliyepatwa na janga dogo lililopigwa picha nyingi huwa amepata nafuu kuliko aliyepatwa na janga kubwa, au na janga la kijiji kimoja kisichofikika wakati wa masika ambalo hakuna kamera iliyolifikia.

Ikikubaliwa kwamba mwathirika anastahili malipo kwa haki, linafuata swali gumu zaidi, nalo ni kipimo. Wengi hudhani kwamba kipimo cha haki ni thamani ya mali iliyopotea, kwa kuwa ndicho kinachotumika katika kutwaa ardhi na ndicho kinachoonekana kutompendelea mtu. Yaliyotokea katika jimbo la Louisiana, nchini Marekani, yanatosha kuitia shaka dhana hiyo. Baada ya kimbunga Katrina cha Agosti 2005, jimbo hilo lilianzisha kwa fedha za serikali kuu mpango ulioitwa Road Home, wa kuwasaidia wenye nyumba kujenga upya, na ukomo wa ruzuku ukawekwa dola 150,000. Ruzuku ilikokotolewa kwa kuchukua kiasi kidogo kati ya viwili: thamani ya nyumba sokoni kabla ya kimbunga, au gharama ya kurekebisha uharibifu. Fomula hiyo haikutaja rangi ya mtu. Lakini katika mitaa ya watu weusi ya New Orleans, ambako kwa miongo mingi ubaguzi ulikuwa umeshusha bei za nyumba, thamani ya sokoni ilikuwa chini kuliko gharama ya ujenzi, hivyo mwenye nyumba alilipwa kwa thamani hiyo ya chini. Katika mitaa ya wazungu thamani ilikuwa juu, hivyo mwenye nyumba alilipwa gharama ya ujenzi. Saruji, mbao na fundi vina bei moja pande zote mbili za mji, na kwa hiyo nyumba mbili za ukubwa mmoja, zilizoharibiwa kwa kiasi kimoja, zilipata fedha tofauti, na familia nyingi za mtaa wa Lower Ninth Ward zikajikuta na ruzuku isiyofika kwenye lenta. Kesi ilifunguliwa mwaka 2008, na mwaka 2011 wahusika wakafikia makubaliano ya dola milioni 62 kwa ajili ya wenye nyumba ambao hawakuwa wamemaliza kujenga. Kwa baadhi yao fedha hiyo ilikuja wakati wameshahamia majimbo mengine.

Jambo hilohilo linaweza kutokea Karagwe au Muleba, mkoani Kagera, bila mtu yeyote kukusudia ubaya. Mthamini akiikagua nyumba ya bibi kizee iliyojengwa kwa matofali ya udongo miaka arobaini iliyopita, hukadiria gharama ya kuijenga kisha hukata asilimia kwa ajili ya uchakavu, na kinachobaki hakitoshi hata mabati ya kuezekea vyumba viwili, ingawa nyumba hiyo chakavu ilikuwa ikimkinga na mvua sawasawa na ghorofa linavyomkinga tajiri. Hesabu ya mthamini imekwenda kwa usahihi mpaka mwisho, na bibi bado yuko nje. Kipimo kinachofaa zaidi, na ndicho kinachopendekezwa hapa, ni gharama ya kusimama tena: nyumba ya msingi iliyo salama, iliyojengwa kwa nguzo na mkanda wa zege ili isianguke tena, chakula hadi mazao yapatikane, na katika maeneo ya migomba hilo halipungui mwaka, na kitendea kazi kilichompa mtu riziki, kiwe jembe, cherehani, pikipiki ya bodaboda au mtaji wa genge. Mwenye jumba la kifahari atasema kwamba kwa kipimo hicho anapunjwa, na kweli hatarudishiwa jumba lake, lakini hazina ya umma haina wajibu wa kurejesha utofauti wa mali uliokuwapo kabla ya janga; wajibu wake ni kuhakikisha kwamba hakuna anayebaki chini. Kwa kilichozidi hapo ipo bima, na ni halali kumtarajia mwenye uwezo aikate.

Bima yenyewe hata hivyo haipaswi kugeuzwa kuwa mpaka wa utu. New Zealand, ambayo tangu miaka ya 1940 ina mfuko wa umma unaochangiwa kupitia bima za nyumba kwa ajili ya matetemeko, iliamua baada ya tetemeko la Christchurch la Februari 2011 kununua nyumba zilizokuwa kwenye ardhi isiyofaa tena kujengwa, ikawapa waliokuwa na bima thamani kamili ya mwaka 2007 na wasio na bima nusu tu ya thamani ya ardhi. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilisema kwamba uamuzi huo kuhusu wasio na bima haukufikiwa kihalali. Katika nchi ambako sehemu kubwa ya nyumba za vijijini hazijawahi kutembelewa na wakala wa bima, tahadhari hiyo ina uzito maradufu.

Kipimo kizuri nacho huharibika kikiwa mikononi mwa orodha mbaya. Baada ya janga, mtu wa kwanza mwenye madaraka kufika mlangoni ni mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji akiwa na daftari, na safu ya kwanza ya daftari hilo ni jina la mkuu wa kaya. Mwanamume mwenye wake wawili wanaoishi nyumba mbili anaandikwa mara moja. Mwanamke aliyefiwa na mume katika janga hilohilo anaweza kuandikwa chini ya jina la shemeji, na fedha ikapitia mkononi mwa ukoo kabla ya kumfikia, huku suala la mirathi likiwa halijafika hata mahakama ya mwanzo. Mpangaji wa chumba kimoja haandikwi kabisa, kwa sababu nyumba si yake, ijapokuwa ndani ya chumba hicho mlikuwa na godoro, jiko la gesi, vyeti vya shule vya watoto na mzigo wa nguo za mtumba alioununua kwa mkopo wa kikundi, mkopo ambao marejesho yake ya wiki hayakusombwa na maji. Mwenye nyumba hujengewa nyumba, na akishajengewa hupangisha tena; mpangaji huanza na deni. Nchini Kenya, baada ya mafuriko ya mwaka 2024, familia zilizoondolewa kando ya mito ya Nairobi, katika maeneo kama Mathare na Mukuru, ziliahidiwa shilingi 10,000 za Kenya kila moja za kuanzia maisha kwingine, na angalau ahadi hiyo ilimtambua mpangaji kama mtu aliyeathirika, ingawa kwa mji wenye kodi za Nairobi kiasi hicho hakimfikishi mtu mbali.

Kwa sababu orodha inaweza kukosea, haki ya malipo haikamiliki bila haki ya kukata rufaa, yaani orodha kubandikwa ofisi ya kijiji ili kila mtu aisome, muda wa kuweka pingamizi, na mtu mwingine asiye mwandishi wa orodha kuyasikiliza mapingamizi hayo. Hili linahusu pia mifumo ya kisasa inayojivunia kutomtegemea mwenyekiti wa kitongoji. Malawi ililipa dola zipatazo milioni 4.7 kukata bima ya ukame kwa msimu wa 2015/2016 katika Africa Risk Capacity, chombo cha Umoja wa Afrika ambacho hulipa kwa kufuata makadirio ya kompyuta yatokanayo na vipimo vya mvua vya setilaiti. Ukame ulipokuja, mamilioni ya watu wakakosa chakula, lakini kompyuta ikaonyesha kwamba walioathirika ni wachache na malipo hayastahili. Uchunguzi ulibaini kwamba mfumo uliwekewa mahindi ya muda mrefu, ilhali wakulima walikuwa wamehamia mbegu za muda mfupi. Hesabu zikarekebishwa na dola zipatazo milioni 8.1 zikalipwa mwanzoni mwa mwaka 2017, miezi kadhaa baada ya njaa kuanza. Serikali iliweza kulalamika ikasikilizwa. Mkulima mmoja mmoja, akiwekwa chini ya mfumo kama huo bila mlango wa rufaa, hana wa kumwambia kwamba mbegu yake ni nyingine.

Mgogoro huu wa haki na hisani unajirudia katika uwanja wa mataifa. Nchi za visiwa vidogo, zikiongozwa na Vanuatu, zilipendekeza tangu mwaka 1991 mfuko wa kimataifa wa kulipia hasara za kupanda kwa bahari, na ikachukua zaidi ya miaka thelathini hadi mkutano wa Sharm el-Sheikh wa mwaka 2022 ulipokubali kuanzisha mfuko wa hasara na uharibifu, neno linalomaanisha madhara ya mabadiliko ya tabianchi ambayo hayakuweza kuepukwa kwa kujiandaa wala kwa kupunguza hewa ukaa. Katikati ya safari hiyo, uamuzi ulioambatana na Mkataba wa Paris wa mwaka 2015 uliandika kwamba ibara ya 8, inayohusu hasara na uharibifu, haiwi msingi wa wajibu wa kisheria wala wa fidia. Nchi zilizojitajirisha kwa makaa ya mawe na mafuta zilikubali kuchangia kwa sharti kwamba zisiitwe wadaiwa, na sharti hilo halina tofauti na lile analowekewa mkazi wa Bukoba.

Ndiyo maana wajumbe wa Afrika Mashariki wanaokwenda kwenye mikutano hiyo wangekuwa na msimamo imara zaidi iwapo sheria za nyumbani kwao zingekuwa na jedwali lililochapishwa la kile ambacho kaya iliyopoteza makazi inastahili, likihuishwa kila baada ya miaka michache kufuata bei ya saruji na mabati, likimtaja mpangaji na mke wa pili kwa majina ya hali zao, na likiweka siku ambazo zikipita riba inaanza kuhesabiwa kama inavyohesabiwa kwa aliyepisha barabara. Jedwali la namna hiyo lingewezesha madai ya taifa kukokotolewa kwa hesabu inayojulikana, na fedha ya mfuko wa kimataifa ingeshuka hadi kijijini kwa kufuata kanuni ambayo mwathirika mwenyewe ameisoma. Ukubwa wa kiwango cha kuanzia ni jambo la bajeti, nalo litabishaniwa bungeni kama yanavyobishaniwa matumizi mengine. Kiwango kidogo kinachojulikana kinaweza kuongezwa mwaka unaofuata kwa hoja za wabunge wa maeneo yaliyoathirika, jambo lisilowezekana pale ambapo hakuna kiwango chochote cha kuongezwa.